Kung'oa au kutibu mzizi? Jino likikuamsha saa nane usiku

Shemeji yangu ni fundi magari Mbagala, mtu ambaye jeki ikimteleza vidoleni anatukana tu na kuendelea na kazi. Siku hiyo alinitumia ujumbe wa sauti saa nane usiku, anaongea kama aliyeshikilia kitu mdomoni. "Shemeji, kukicha tu naenda kuling'oa. Sitaki kusikia habari nyingine." Nikampigia, nikamuuliza swali moja: ukinywa maji ya baridi, jino linazidi au linatulia?

Akanyamaza kidogo. "Linatulia. Nina chupa ya maji ya friji hapa kitandani, kila dakika tano napiga funda, nayaweka pale pale. Umejuaje?"

Nilijua kwa sababu nami niliwahi kulala na chupa kama hiyo. Jino likifika hapo, habari ya kuziba imeshapita. Zinabaki njia mbili: ling'olewe, au litibiwe mzizi libaki kinywani. Mimi nimepita zote mbili. Gego la chini kushoto sina, la chini kulia lina kofia, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa jino juu na pande zote. Nitaziweka njia hizi ubavu kwa ubavu, kwa ajili ya mtu mwenye jino linalouma na mfuko wenye mipaka.

Kwanza, jino lako limefika wapi?

Nje ya jino kuna gamba gumu jeupe. Chini yake kuna tabaka la manjano linaloitwa dentini, na katikati kuna chumba kidogo chenye mishipa ya damu na neva zinazoshuka hadi ncha za mizizi. Jino hutoboka kutoka nje kwenda ndani. Tobo likiwa bado kwenye gamba, husikii kitu. Likigusa dentini, soda baridi au kashata inakushtua, ila ukiacha, baada ya sekunde chache maumivu yanakatika. Hapo linazibwa, na hiyo ndiyo tiba ya bei ndogo kuliko zote utakazosoma hapa.

Bakteria wakiukaribia ule moyo wa jino, mishipa iliyomo inavimba, lakini chumba chenyewe kina kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Ndiyo maana maumivu yanapwita, yanakuja yenyewe bila kuguswa, yanazidi ukilaza kichwa, na chai ya moto inayachochea. Ukiona sasa baridi ndiyo inayotuliza, mshipa unaelekea kufa.

Halafu siku moja unaamka huna maumivu kabisa. Wengi humshukuru Mungu, wakaendelea na maisha. Kumbe neva imekufa, na uozo unateremka mizizini kimya kimya. Baada ya wiki au miezi kinatokea kipele cha usaha kwenye ufizi, au unaamka shavu limejaa.

Pale ambapo hakuna kulinganisha

Uvimbe ukishuka chini ya taya au shingoni, au ukipanda hadi jicho linaanza kufumba. Mdomo ukikataa kufunguka hata kuingiza vidole viwili. Mate yakikushinda kumeza, ulimi ukiinuka, sauti ikibadilika, homa ikikutetemesha, acha kusoma uende hospitali, hata kama ni usiku. Uambukizo wa magego ya chini una njia ya kupita chini ya ulimi hadi shingoni, ukabana njia ya hewa. Daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, aliueleza mwaka 1836, na mpaka leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake. Unaua, na mara nyingi chanzo chake ni gego bovu tu. Hapo nenda kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, ya mkoa au ya rufaa. Kupitia kwanza duka la dawa ni kupoteza saa ambazo huna.

Njia mbili ubavu kwa ubavu

| | Kung'oa | Kutibu mzizi |
|---|---|---|
| Muda | Siku moja, mara nyingi chini ya saa | Ziara 1 hadi 3, halafu ziara za kofia |
| Gharama ya leo | Maelfu | Malaki, na kofia juu yake |
| Gharama ya baadaye | Pengo: uliache au ulijaze | Ukaguzi, na huenda kofia mpya miaka ijayo |
| Pa kuipata | Hata kituo cha afya chenye tabibu wa meno | Penye eksirei, vifaa na daktari aliyezoea kazi hiyo |
| Baada ya ganzi kuisha | Kidonda kinachouma siku chache | Jino zito ukitafunia, siku mbili tatu |
| Ikienda vibaya | Shimo kavu, mzizi kukatikia ndani | Uambukizo kurudi, jino kupasuka |

Mstari wa maumivu huwashangaza watu. Sifa mbaya ya kutibu mzizi imezidi ukweli wake, maana zote mbili hufanywa kwa sindano ya ganzi, na ganzi ikishika unasikia kusukumwa tu. Shida ni jino lenye usaha. Uambukizo hufanya nyama ya hapo kuwa na asidi, na ganzi haifanyi kazi vizuri kwenye asidi. Ndipo ulipozaliwa ule usemi wa mtaani kwamba jino lililovimba haling'olewi. Linaweza kung'olewa, na usaha unaweza kutolewa siku hiyo hiyo. Daktari ndiye anayepima kama ganzi ichomwe mahali pengine au usaha utangulie. Anayekaa nyumbani akisubiri uvimbe upungue ndiye anayekuja kuonekana hospitali ya rufaa.

Kutibu mzizi kwenyewe ni hivi: daktari anatoboa jino kwa juu, anatoa neva iliyokufa au inayokufa, anasafisha mifereji ya mizizi kwa visindano vyembamba na dawa ya kuua bakteria, kisha anaijaza na kuiziba. Jino la mbele huwa na mfereji mmoja. Gego la chini kwa kawaida lina mitatu, la juu mitatu hadi minne. Sasa unaelewa kwa nini bei ya gego si ya jino la mbele: ni kazi tatu ndani ya jino moja, nyuma kabisa ya mdomo, gizani.

Mstari wa bei unadanganya

Gego la kushoto niling'oa nikiwa na miaka ishirini na kitu. Dokta aliuliza, "Tuling'oe?" Nikasema ndiyo. Dakika kumi na tano, pamba mdomoni, nikapanda daladala. Nilijiona mjanja. Leo gego la juu lililokuwa linakutana nalo limeshuka, linatafuta mwenzake asiyekuwepo. Lililokuwa nyuma ya pengo limeinamia mbele, na katikati pananasa nyama kila Jumapili. Mfupa wa taya pale umesinyaa, kwa sababu mfupa usiobeba jino mwili huupunguza.

Na pengo ukitaka kulijaza, angalia unachoambiwa. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua ndiyo nafuu, lakini yanahitaji kuzoeleka. Daraja linamaanisha meno mawili ya jirani, pengine mazima kabisa, yachongwe yabebe la katikati. Pandikizi ni skrubu ya titani ndani ya taya na jino juu yake, zuri sana, na kwa kawaida bei yake inapita ile ya mzizi na kofia ulizokimbia.

Kwa hiyo gego la kulia lilipofika zamu yake, nikatibu mzizi. Na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili. Kliniki niliyokwenda ilifanya kazi nzuri ya mizizi, ikaziba, ikaniambia "ukipata nafasi, urudi kwa kofia". Sikupata nafasi. Miezi saba baadaye natafuna hindi la kuchoma, nikasikia *ka!* Nikadhani ni punje. Ilikuwa ukuta wa jino. Bahati yangu ulipasukia juu ya ufizi. Ungeshuka chini ya mfupa, jino lote na malaki yake vingeishia kwenye ndoo.

Gego lililotibiwa mzizi ni kama nyumba iliyotolewa nguzo za katikati. Uozo umekula sehemu, daktari amekata nyingine ili aifikie mifereji, zimebaki kuta nyembamba, na gego ndilo linalobeba uzito wa kutafuna. Kofia huzifunga kuta hizo pamoja. Tena inatakiwa iletwe mapema, ndani ya wiki chache. Sijui ni nani aliyewafundisha madaktari kuitaja kofia kama vile ni hiari.

Kutokana na hilo nina msimamo ambao baadhi ya kliniki hazitaupenda. Kama ni gego, na unajua hela ya kofia haitapatikana, kung'oa kwa hiari ni bora kuliko kutibu mzizi nusu nusu. Uliza bei ya vyote viwili kwa pamoja kabla mashine haijawashwa: mizizi, na kofia. Ukitajiwa ya kwanza tu, hujatajiwa bei.

Jino gani, na limebaki nini

Meno ya mbele ningeyatetea mpaka mwisho. Mfereji mmoja, kazi fupi, mara nyingi kuziba vizuri kunatosha bila kofia, na pengo la mbele unalibeba kwenye kila usaili wa kazi na kila picha ya harusi. Gego la kwanza na la pili ningelitibu kama limebaki na ukuta. Muulize daktari hivi: juu ya ufizi kuna jino zima la kutosha kushika kofia? Wanataka angalau milimita 2 kuzunguka. Limeoza hadi chini ya ufizi, au linacheza kwa sababu mfupa unaolishika umelika? Basi mzizi mzuri kuliko wote hautaliokoa, ling'olewe. Gego la mwisho kabisa, lile linaloota ukubwani, ling'olewe bila majuto. Halina kazi kubwa na mswaki haulifikii.

Kama una kisukari, unatumia dawa ya kuyeyusha damu, umewahi kupigwa mionzi ya taya, au una mimba, sema mapema, kabla hujafungua mdomo. Mimba haizuii matibabu ya jino. Usaha unaoachwa miezi tisa ndio wa kuogopa.

Ukishang'oa, uma pamba kwa nusu saa bila kuichungulia kila dakika mbili. Siku hiyo usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija, na sigara ikae mbali, kwa sababu lile bonge la damu ndilo bandeji yako. Likitoka, siku ya pili hadi ya nne unapata shimo kavu, maumivu yanayopanda hadi sikioni na harufu mbaya mdomoni. Rudi kwa aliyeng'oa akaliwekee dawa. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi yaanze kesho yake, taratibu.

Vipi kuhusu vidonge?

Hii ndiyo njia ya tatu ambayo nchi nzima inaitumia, na haiko kwenye jedwali kwa sababu si tiba. Dirishani unasema "jino", unapewa panadol, diklofenaki na amoksilini za rangi mbili, na siku tatu unaona nafuu.

Antibaotiki husafiri kwa damu. Chumba cha jino kinachokufa hakipati tena damu ya kutosha, kwa hiyo dawa haifiki penye mgogoro. Mwaka 2019 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaosema wazi: kwa mtu mzima mwenye maumivu ya jino bila uvimbe unaosambaa wala homa, dawa ni kulishughulikia jino, antibaotiki zisitumike. Homa na uvimbe vikiwepo zina kazi yake, pamoja na kulitibu au kuling'oa jino.

Kwa kusogeza usiku, mtu mzima mwenye afya anaweza kumeza ibuprofen miligramu 400 baada ya kula, pamoja na panadol mbili za 500. Dawa hizi mbili zikishirikiana zinatuliza jino kuliko moja peke yake. Panadol zisizidi nane kwa saa 24. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, au mimba aache ibuprofen, na hata wewe mzima, kama una homa na Dar kuna dengi, iache vilevile. Pamba yenye tone la mafuta ya karafuu inasaidia kweli. Yujenoli, ile kemikali ya kutuliza maumivu iliyomo kwenye karafuu hiyo hiyo ya Pemba, imo kwenye saruji ambayo madaktari huzibia jino kwa muda. Weka kwenye tobo, usiimwagie fizi, inaunguza. Aspirini haiwekwi kwenye ufizi, inamezwa. Na maji ya betri, ambayo kuna fundi alimshauri shemeji kwa nia njema kabisa, yabaki kwenye betri.

Mtoto ni hesabu nyingine

Wazazi wengi hung'oa haraka kwa kuwa "ni ya utoto, yataota mengine". Lakini kuna gego linaloota kwenye miaka sita, nyuma ya meno yote ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Mzazi hajui kama limekuja. Hilo ni la kudumu, halina mwenzake anayefuata, na huwa la kwanza kuoza kwa sababu mkono wa mtoto haufikii huko nyuma. Hesabu kutoka jino la katikati: la sita ndilo hilo. Lisitolewe kirahisi. Na hata magego ya utoto yanawashikia nafasi yale ya ukubwani mpaka karibu miaka 10 hadi 12, ukiyatoa mapema meno yajayo yanabanana. Kuhusu "meno ya plastiki" ya watoto wachanga wenye homa na kuharisha, zile ni chipukizi za meno yao halisi. Anayezichimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli anamwachia mtoto kidonda, na kuharisha kuko pale pale.

Jino la kudumu likiruka lote kwa kuanguka au kupigwa mpira, usiulizie koleo wala mzizi. Lishike sehemu nyeupe, usiguse mzizi. Lina mchanga? Lisuuze sekunde chache, usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake, mtoto aume leso, mwende. Ukishindwa kulirudisha, liweke kwenye maziwa mabichi ya baridi au ya pakiti, mtindi hapana, na ufike kwa daktari ndani ya saa moja, ikiwezekana nusu saa. Kulilaza kwenye maji ya bomba huziua seli za mzizi, na kulifunga kwenye kitambaa kikavu huziua haraka zaidi. Jino la utoto lenyewe halirudishwi, linaweza kuumiza chipukizi lililo chini.

Ili usirudi kwenye jedwali

Dawa ya meno yenye floraidi, mara mbili kwa siku, ile ya usiku ndiyo isikose. Tema povu, usisukutue na kikombe kizima cha maji ukaitoa yote. Mswaki wa mti unasafisha, ila paka hiyo dawa. Sukari huumiza kwa idadi ya mara kuliko kwa kiasi: soda moja unayoinywa kwa funda tangu saa nne hadi saa nane ni mbaya kuliko ile uliyoimaliza na chakula. Tobo dogo lizibwe likiwa dogo. Kuna njia ya kuziba bila mashine wala umeme, daktari anakwangua uozo kwa kifaa cha mkono na kuweka saruji inayoshika jino yenyewe. Ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na leo inatumika duniani kote. Kwa mtoto anayeogopa mlio wa mashine, uliza kama wanaifanya.

Na shemeji? Asubuhi hakwenda kung'oa. Nilimwambia jambo ambalo nami niliambiwa nikiwa nimechelewa: siku ya kwanza si lazima uamue. Daktari anaweza kulifungua jino, akatoa neva, akaziba kwa muda, ukalala usiku huo. Halafu unaamua huna maumivu, ukiwa na picha ya eksirei na bei zote mbili mkononi. Kizibo cha muda kinadumu wiki kadhaa tu, si msimu mzima.

Picha ilionyesha gego la kwanza la chini, kuta tatu nzima. Akachagua mzizi, kwa awamu. Tarehe ya kofia ameiandika kwa chaki ukutani gereji, kwenye ile orodha ya watu wanaomdai.